Sheria ya Betri

Jumamosi, 5 Aprili 1986. Muyinga

Daftari hili nilikuwa naandikia radio tu: nani kaleta, lini, inaumwa nini. Leo naongeza na mengine, maana nimefanya jambo ambalo nisipoliandika, kesho nitajidanganya kwamba sikulifanya.

Tumekuja harusini kwa mzee Radjabu, anamuoza mwanawe wa mwisho. Tumekula tukashiba, wanaume tumejinyoosha mkekani, mara dada yangu Kadidja akaja kusimama mlangoni. Kadidja ana duka la vitenge hapa Muyinga, na hana dogo. Akasema mbele ya watu wote kwamba binti yangu Riziki amepata nane kwa ishirini kwenye fizikia, mihula miwili mfululizo, na kwamba badala ya kumtesa mtoto na sayansi kule lise, sekondari ya Gitega, nimlete akae naye dukani, ajifunze cherehani.

Watu wakanigeukia. Mimi ni fundi wa radio. Ufundi nimejifunza Kigoma kwa miaka saba, na Gitega nzima inajua kwamba radio iliyonishinda mimi ni ya kuatamishia kuku. Damu ikanipanda.

"Mtoto wa fundi umeme ashindwe na umeme?" nikasema. "Dada, akianguka fizikia mwezi wa sita, mchukue. Nimesema mbele ya hawa."

Mzee Radjabu akajibu kwa niaba ya mkeka mzima: tumesikia. Kwetu sisi, neno likishasemwa mkekani na wazee wakasema wamesikia, halirudishwi ila mahali pale pale, mbele ya hao hao. Nilipogeuka nikamwona Riziki uani, ameshika sahani zenye povu. Alikuwa amesikia pia.

Jumatatu, 7 Aprili. Gitega

Tumerudi. Mke wangu Fatuma hajanisemesha tangu Karuzi, nusu ya njia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Radio nne, zote zimepigwa na radi. Fatuma kasema neno moja: "Kula."

Jumanne, 15 Aprili

Shule imefunguliwa. Riziki kaondoka na sketi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nilimwambia asiogope fizikia, akaniangalia kama anayetaka kusema kitu, akasema "Ndiyo, Papa," akaenda zake.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku kubwa. Kichwa changu kimevimba na sijali.

Baada ya sala ya Ijumaa Riziki alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja na kitabu chake. Mwalimu ameanza habari za chaji, yaani vitone vya umeme, chanya na hasi. Kila kitone, hata kikiwa peke yake, kinaijaza hewa inayokizunguka nguvu ya kuvuta au kusukuma. Nguvu hiyo iliyotanda wao wanaiita kwa Kifaransa champ. Mimi humu nitaandika uwanja. Sasa swali lao ni hili: kuna vitone viwili, vyote chanya, chaji zao sawa, umbali kati yao sentimeta ishirini. Katikati yao kabisa uwanja ni kiasi gani?

Mambo hayo sijapata kuyasikia maishani mwangu. Sikusema hivyo. Mezani palikuwa na betri mbili, nikazichukua, nikazigonganisha vichwa, chanya kwa chanya, kama mteja mzembe anavyozitia kwenye radio. Nikamuuliza, hapo radio itafanyaje? Itanyamaza. Basi jibu ni sifuri. Riziki kafungua majibu nyuma ya kitabu: sifuri.

Swali la pili, kitone kimoja chanya na kingine hasi. Nikazipanga betri kichwa kwa mkia, kama inavyotakiwa. Hapo zinajumlishana. Kafungua kitabu: zinajumlishana.

Niseme nini tena? Nimeipa jina: sheria ya betri. Zinazotazamana vichwa, toa; zinazofuatana, jumlisha; na popote unaposimama hesabu ni ile ile, maana betri haijali umesimama wapi. Ameiandika daftarini, akaipigia mstari kwa rula. Alicheka leo, kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi. Hata Fatuma kaniongezea mchuzi.

Jumanne, 22 Aprili

Radio mbili. Ya pili imeletwa na mama wa Kizaire anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, anaitwa Bernadette. Anaongea bila kuvuta pumzi na mkoba wake unanuka ziwa zima. Ndani ya radio nimekuta ndagala mmoja mkavu, amelala juu ya spika. Nimemwambia arudi wiki ijayo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kutwa. Riziki anafanya interro, jaribio la darasani, kesho. Nimemuuliza anajisikiaje. Anasema ana sheria ya betri, hana wasiwasi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nne kwa ishirini.

Naandika hapa kibandani, mlango nimeurudisha, mvua inapiga bati, na kopi yake, karatasi aliyojibia, iko mbele yangu. Swali la kwanza lilikuwa: chaji mbili za chanya, moja nne, nyingine moja, zimeachana sentimeta thelathini, tafuta mahali ambapo uwanja ni sifuri. Riziki kaandika hakuna mahali hapo, kwa sababu nne toa moja inabaki tatu, popote unaposimama. Hayo ni maneno yangu, neno kwa neno. La pili lilimtaka asimame nje ya mstari, kwenye ncha ya pembetatu yenye pande sawa. Kajumlisha tu, moja na moja mbili. Hayo pia ni yangu. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Sheria hii imetoka wapi? Na chini yake: Msalimie papa wako.

Kumbe Riziki aliulizwa mbele ya darasa, akajibu kwa fahari kwamba baba yake ni fundi umeme.

Mtoto alisimama pale kwenye mvua akinisubiri niseme kitu. Na mimi, Zuberi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikasema labda mwalimu hajaelewa vizuri. Nikasema hawa walimu wa vitabu hawajawahi kushika waya. Alinitazama, uso ukamtulia. Aliniamini. Ningependa sana asingeniamini.

Jumapili, 27 Aprili

Fatuma kaiona kopi. Hakugomba. Kaniuliza tu kama nilikuwa najua au sikuwa najua. Nikamwambia ninachojua ni radio. Akasema, "Basi sema hivyo kwa mtoto." Nikamwambia nitasema. Sikusema.

Jumanne, 29 Aprili

Bernadette kaja kuchukua radio yake. Nilikuwa nimeinama nachomelea waya, kopi ya Riziki iko chini ya kopo la risasi ya kuchomelea. Kwanza nikasikia karatasi inavutwa, halafu kicheko. Nilitaka kumtoa nje na mkoba wake. Akaniuliza: "Fundi, hii sheria iko ya nani?"

Nikamuuliza inamhusu nini. Ndipo akaniambia, bila kujivuna, kwamba alifundisha fizikia Bukavu miaka tisa, kwa masista, kabla maisha hayajamsukuma kwenye ndagala. Nikakaa chini. Akaniambia:

"Betri iko ndani ya radio, imefungwa, haina fasi ya kwenda. Chaji iko kwa hewa, inasukuma fasi zote. Donc lazima uulize mambo mbili: iko mbali gani, na inasukuma kwenda wapi. We haukuuliza hata moja."

Kachukua karatasi ya mfuko wa saruji anayofungia samaki, kachora vitone viwili na mshale unaotoka kwa kila kimoja. Ukienda mbali mara mbili, kasema, nguvu haipungui nusu, inapungua mara nne. Ukienda mara tatu, mara tisa. Niliitazama ile mishale mpaka macho yakaniuma.

Radio yake ilikuwa imepona tangu Jumanne ile ile aliyoileta, ilichukua dakika kumi. Nimemwambia haijaisha, arudi Jumamosi.

Jumamosi, 3 Mei

Somo la pili halikufanyika kibandani. Bernadette kanichukua sokoni, kanisimamisha kati ya meza yake, yenye rundo kubwa la ndagala, na meza ya jirani yake mwenye karundo kadogo. Kaniambia nifumbe macho, nitembee taratibu, nisimame mahali ambapo sijui ni nani ananinukia zaidi. Watu wamejaa, na mimi fundi wa heshima natembea nimefumba macho natikisa pua. Nimesimama. Nilipofumbua nilikuwa karibu sana na rundo dogo. Kwa nini siko katikati? Kwa sababu mdogo nguvu yake ni ndogo, lazima nimsogelee ndipo alingane na mkubwa.

Hesabu tumeifanya juu ya kifuniko cha debe. Chaji nne na chaji moja, sentimeta thelathini. Mahali penyewe ni sentimeta ishirini kutoka kwa kubwa na kumi kutoka kwa ndogo. Mara mbili mbali zaidi, mara nne nguvu zaidi, zinalingana. Nimerudia mara tatu na kila mara imetoka hivyo hivyo. Bernadette kanikata alama kwa sababu sikuandika sentimeta, nimeandika ishirini tu. "Ishirini ya nini? Ya ndizi?"

Nimemwambia radio yake ina tatizo gumu kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimefanya kituko barabarani na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mishale ilikuwa bado inanishinda. Namba naweza kuzijumlisha, lakini Bernadette anasema mishale haijumlishwi kama namba, na mishale miwili ya moja na moja inaweza kuzaa mbili, au sifuri, au chochote cha katikati. Nilimwona mchawi.

Sasa mchana, baada ya mvua, lori la vitunguu limezama kwenye tope hapa chini ya kibanda changu. Wamefunga kamba mbili mbele. Kundi moja limeshika kamba upande huu wa barabara, jingine upande ule, kila kundi limesimama kwenye nyasi kavu ili wasichafuke miguu. Wanavuta, wanaimba, kamba zinalia, lori halitikisiki. Wanaume kumi na wawili. Nimetazama nikiwa na chuma cha kuchomelea mkononi, na ghafla nikaiona ile karatasi ya saruji. Kamba mbili, mishale miwili. Hawa wanavutana wao kwa wao, lori wanalipa masalio tu.

Nimetoka mbio nikapiga kelele: "Punguzeni pembe." Wakaniangalia kama nimeshikwa na homa. Nikaingia topeni na viatu vyangu vya Ijumaa, nikawakamata hawa mikono, nikawakokota wale, nikawaweka wote mbele ya lori, kundi bega kwa bega na kundi, kamba karibu zigusane. Wamenung'unika kwa sababu ya tope. Wamevuta. Lori limetoka kwa mvuto wa pili.

Walinipigia makofi, dereva kanipa vitunguu. Wala sikuwa nafikiria vitunguu. Nilikuwa nafikiria ncha ya pembetatu: mishale miwili, pembe ya nyuzi sitini katikati yao, haiwezi kuzaa mbili kamili, sehemu inapotea kwa kupingana. Nimeingia kibandani na tope mpaka magotini, nikachora, nikapima kwa rula. Moja nukta saba, na kidogo. Nikakimbilia sokoni. Bernadette kaangalia karatasi, kaangalia viatu, kasema nimepata. Halafu kasema sikuandika vipimo.

Jumapili, 11 Mei

Ramadhani mosi. Mvua imepungua. Radio tatu, wote wanataka zipone kabla ya Kombe la Dunia.

Jumatano, 14 Mei

Barua ya Kadidja imekuja na dereva wa basi la Muyinga. Amesikia habari ya nne kwa ishirini, sijui kwa nani. Cherehani ameshaitia mafuta, ameipanga dirishani ili mtoto aone barabara. Barua imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, kama kawaida. Nimeisoma nikaikunja mara nyingi sana.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kwa taabu.

Riziki karudi mchana, macho mekundu. Mwalimu alikuwa anasahihisha ubaoni lile swali la sentimeta thelathini, na Riziki kanyanyua mkono akasema mwalimu anakosea. Kaulizwa kwa nini. Kasema papa yake anajua umeme kwa mikono, si kwa kitabu. Darasa limecheka, naye akakataa kukaa. Katolewa nje mpaka kipindi kiishe. Amenisimulia yote haya akingoja nimsifu, kwa sababu alikuwa amenitetea.

Zilibaki saa mbili tufuturu. Mdomo mkavu, tumbo tupu, na hakuna hata kikombe cha chai cha kujificha nyuma yake. Nimemwita kwenye benchi la wateja. Nimesema:

"Mama, mwalimu wako hakukosea. Mimi sikuwa najua. Tangu siku ya kwanza sikuwa najua, nilibahatisha na betri."

Kaniuliza polepole: "Na ile siku ya mvua, ulijua kama iko makosa?"

"Nilijua."

Hakulia. Kachukua daftari lake, kafungua ukurasa wa sheria ya betri, ile iliyopigiwa mstari kwa rula, kautoa taratibu bila kuuchana ovyo, kauweka mezani kwangu kati ya misumari. Kaingia ndani. Nilimwonea huruma, nikajionea haya, na bado nilikuwa na hamu ya kumwambia habari ya lori.

Jumapili, 18 Mei

Haniiti Papa. Ananiita "we".

Jumatatu, 19 Mei

Radio moja. "We."

Jumanne, 20 Mei

Bernadette alikuja na somo, nikamwambia sina moyo wa kujifunza. Nilimsimulia yote. Akauliza mtoto yuko wapi, akaenda nyumbani kwangu mwenyewe na mkoba wake, akakaa jikoni na Fatuma na Riziki. Sijui walisema nini. Nilichosikia kutoka uani ni Bernadette anasimulia mzee aliyefumba macho sokoni akinusa ndagala, na baada ya hapo kicheko cha mke wangu, halafu, kikichelewa kidogo, kicheko kingine.

Jioni, tende mkononi, Riziki kasema: "Bon. Papa, ile hesabu ya lori unionyeshe."

Nimeandika neno Papa hapa ili nilione.

Jumapili, 25 Mei

Sasa tunasoma watatu. Bernadette anakuja Jumanne na Jumamosi kabla ya futari, na ingawa yeye ni Mkristo hanywi hata maji mbele yetu. Nimewahi kuandika humu kwamba anaongea bila kuvuta pumzi. Ni kweli, lakini sasa nikiona Jumatano imefika bila yeye, kibanda nakiona kimya mno. Riziki ananipita kwa mbali. Swali la kitone chanya na hasi visivyolingana lilinichukua siku mbili, yeye robo saa.

Radio ya Bernadette bado iko rafuni. Hajauliza.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna mvua siku ya kumi. Vumbi limeanza kuingia kwenye spika za watu. Radio sita.

Jumatatu, 9 Juni

Idi. Kadidja katokea na basi la asubuhi, na maandazi, na kitenge cha Fatuma, na mkanda wa kupimia nguo shingoni kama askari na bunduki. Nilijiandaa kwa vita. Baada ya kula akamwambia Riziki asimame ampime mikono, sare ya dukani ashone mapema.

Riziki alisimama akapimwa. Halafu akachukua chaki, akachora kwenye saruji ya uani vitone viwili, kimoja Gitega, kimoja Muyinga, na kati yao kifungo cha shati alichokitoa kwenye kikapu cha mama yake.

"Hiki kifungo njo mimi," akasema. "Papa ananisukuma: soma, soma. Shangazi ananivuta: kuja, kuja. Alors angalieni mishale."

Kachora mshale wa Gitega unaosukuma: umeelekea Muyinga. Kachora wa Muyinga unaovuta: nao umeelekea Muyinga. Kakisogeza kifungo mpaka miguuni kwa Kadidja. Fatuma alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka, maana nimeiona hesabu yangu yote tangu Aprili iko pale chini: kila nilipompigia domo mtoto kuhusu umeme, nilikuwa namsukuma kwa dada yangu.

Kadidja akauliza, sasa ili kifungo kitulie, ifanyikeje? Riziki akasema wote wawili wavute, tena sawasawa. Hapo kitatulia Karuzi. Kadidja akasema Karuzi hana ndugu, atalala wapi huyo mtoto. Tukacheka wote, na katikati ya kicheko dada yangu akaanza kujifuta macho na ule mkanda. Akasema nyumba yake ina vyumba vitatu na sauti moja. Akasema hata barua zake anaandikiwa na jirani, na jirani sasa anajua kila kitu kinachomuuma.

Miaka yote nilidhani Kadidja anataka mfanyakazi. Kumbe anataka mtu wa nyumbani. Nimemmiminia chai mwenyewe. Lakini neno liko mkekani kwa Radjabu, na yeye wala mimi hatuwezi kulifuta kwa chai.

Jumanne, 17 Juni

Mtihani wa fizikia. Nimeharibu radio ya mtu, nimegeuza waya wa spika.

Riziki karudi saa nane. Swali kubwa lilikuwa chaji ya chanya nne na ya hasi moja, sentimeta thelathini, wapi uwanja ni sifuri. Nimeshika kichwa. Kati yao haiwezekani, mishale yote inaelekea upande mmoja. Kaniacha nihangaike na rula, anakula ndizi. Nimesema nje, upande wa ile ndogo. Mbali gani? Nimesema thelathini. Katafuna mpaka akamaliza ndizi yote ndipo akasema na yeye kaandika thelathini.

Jumapili, 22 Juni

Hakuna jipya. Kila mtu anauliza matokeo. Fatuma anafagia palipofagiwa.

Ijumaa, 27 Juni

Kumi na tano kwa ishirini. Wastani wa fizikia wa mwaka mzima, kumi na kidogo. Amepita.

Alikuja anakimbia tangu barabarani, viatu mkononi. Nilitoka kibandani nikiwa nimeshika radio ya mteja ikiimba, sikukumbuka kuiweka, nimemkumbatia nayo. Fatuma kapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakajiunga bila kujua sababu.

Nilikwenda sokoni na radio ya Bernadette chini ya kwapa, nimeifuta, nimeitia betri mpya. Nikamwambia imepona. Kaiwasha, kasikiliza, kasema: "Fundi, hii radio niliisikia inaimba kwako tangu mwezi wa ine. Nilikuwa kwa kona." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema na yeye alikuwa amekosa darasa miaka mingi. Kisha kanifungia ndagala kwenye karatasi ya saruji, na nilipofika nyumbani nikaona ile karatasi ina mishale yangu ya kwanza.

Jumapili, 29 Juni. Muyinga

Neno linarudishwa pale lilipotolewa. Tumefika kwa mzee Radjabu baada ya sala ya alasiri, mkeka ule ule, wazee wale wale, wakiwa wametandaza radio katikati wakisubiri fainali ya jioni. Kadidja kasimama mlangoni pale pale.

Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa nzuri: mtoto wa fundi, damu ya ufundi, Kigoma, miaka saba. Riziki alikuwa amekaa nyuma yangu na Fatuma. Nikafungua mdomo na hotuba haikutoka. Nikawaambia wazee kwamba mtoto amepita, neno langu nalichukua. Nikawaambia na lililobaki: kwamba aliyeanguka mwezi wa nne nilikuwa mimi, nilimfundisha uongo kwa kuona haya kusema sijui, na aliyetutoa topeni ni mama muuza ndagala.

Mzee Radjabu akauliza, "Ina maana we fundi umeme hukujua umeme?"

"Sikujua, mzee."

Akatazama wenzake, akasema wamesikia. Halafu akanisogezea radio, akasema inakwaruza tangu asubuhi, labda hiyo naijua. Mkeka wote ukaangua kicheko, mimi wa kwanza. Nilipoifungua Riziki alikuwa ameshasimama, amemwendea shangazi yake mlangoni. Nilimsikia akimwambia atakuja mwezi wa nane, likizo yote, atashona, na jioni atamfundisha kuandika barua zake mwenyewe. Shule ikifunguliwa atarudi Gitega. Kadidja alivua ule mkanda shingoni akauviringisha kidogo kidogo, akautia mfukoni.

Jumanne, 1 Julai. Gitega

Jana usiku nilifanya ile hesabu ya mtihani humu, ukurasa wa mwisho wa daftari, peke yangu, bila kuuliza mtu. Nikaliacha daftari mezani. Asubuhi nimelikuta limefunguliwa, na pembeni ya hesabu yangu kuna wino mwekundu, mwandiko wa Riziki:

"Kumi na tatu kwa ishirini. Mishale iko sawa. Thelathini ya nini, Papa?"

Nimeikata karatasi nikaipigilia ukutani kibandani, juu ya rafu, wateja waione. Zile nne za Aprili zilikuwa zangu, alizibeba mtoto. Hizi kumi na tatu nazibeba mwenyewe.